Kigoda cha Sita

Siku ile tulikuwa watano mle ndani. Bibi mzee tuliyemwita Mukecuru Gahongayire, mwalimu mkuu wa nyumba ile, alikuwa kitandani. Msaidizi wake Valens alisimama dirishani na shati jeupe lililopigwa pasi. Béatha, mwanafunzi, alikuwa anafagia. Mimi nilishika chupa ya chai iliyojaa uji, na mgongoni nilimbeba binti yangu Ihirwe, mwaka mmoja na miezi minne, hajasema bado hata neno moja.

Watano. Nimehesabu mara nyingi.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya magereji ya Gikondo. Nyumba ile watu waliiita shule, na waliposema hivyo walishusha sauti. Walisema humo watu hufundishwa kuita mizimu kwa majina, na kumfunga mtu usingizini. Mume wangu Aimable alikuwa amenikanya: "Cha kwao usikitie mdomoni."

Lakini ningemwachaje mukecuru? Nilipojifungua tulikuwa tumetoka Bujumbura juzi tu, hatuna ndugu hata mmoja hapa Kigali. Yeye ndiye aliyeniletea uji wa mtama siku nane mfululizo. Kila siku alionja kwanza mbele yangu, kama desturi inavyotaka, nione kwamba hauna sumu. Kisha alinipa, akamchukua mtoto ili nilale kidogo. Mtu wa namna hiyo humwachi afe na njaa.

Ndani kulinuka moshi, na kitu kama maziwa yaliyochacha. Ukutani vilipangwa vigoda. Vinne vilikuwa miguu juu. Hivyo ni vya wakuu waliokufa. Cha tano, cha mukecuru, kilisimama. Cha sita kilifunikwa kitambaa.

"Uji tena, Mama Ihirwe?" Valens alisema. "Unataka kumfufua kwa mtama?"

"Mwache mwenzio," Béatha alisema. Akanisogelea, akanong'ona: "Tangu asubuhi anatembea kama mkuu. Miaka kumi na moja anangoja."

"Ni leo?"

"Ni leo. Mukecuru anaonja kinywaji chake cha mwisho, halafu anampa mtu. Anayekunywa baada yake ndiye mkuu. Wakuu wote walipokea hivyo."

Alinionyesha kwa kidevu. Mezani kulikuwa na kibuyu cha pombe ya mtama, mrija umeshachomekwa.

Nikajiambia: kibuyu kile nisikiguse.

Uji ulikuwa wangu. Niliupika mwenyewe, jikoni kwangu. Nilimimina kikombe, nikaonja mbele yake, nikamwinua kichwa. Alikunywa funda moja. Shingo yake ilikuwa baridi kama bati la alfajiri.

"Mtoto…" alinong'ona. "Mlete nimwone."

Valens aligeuka. "Mukecuru, pombe iko tayari."

Mukecuru alimnyooshea mtoto mkono.

Nilimfungua Ihirwe mgongoni, nikamketisha kando yake. Mukecuru alimtazama kwa muda mrefu, machozi yakamlengalenga. Akachukua kikombe mkononi mwangu. Akakinywea tena. Akafuta ukingo kwa ncha ya kitenge chake, polepole, kama bibi yeyote anavyomfanyia mjukuu.

Akampa.

Mimi niliona wema. Naapa, hicho ndicho nilichokiona. Hata nilitabasamu.

Ihirwe akanywa.

"Hapana!" Valens aliruka kutoka dirishani. Béatha aliangusha ufagio.

Kikombe kilikuwa kitupu.

Mukecuru alivuta pumzi moja… Ya pili haikuja.

Kisha nikasikia mbao zinakwaruza sakafu. Krrr… krrr… Kigoda cha tano kilikuwa kinainama. Hakuna aliyekuwa karibu nacho. Kikainama, kikalala, kikageuka miguu juu.

Valens alinijia, macho mekundu. "Unajua ulichofanya, mwanamke? Unajua?" Akanyoosha mkono amshike mtoto. Nilimbana Ihirwe kifuani hadi nikasikia moyo wake. Ulikuwa unapiga taratibu. Taratibu mno.

Ihirwe akamgeukia Valens.

"Valens. Keti."

Sauti ilikuwa ya mtoto, nyembamba, ya binti yangu. Lakini maneno yalitoka yamenyooka.

Valens akaketi. Pale pale kwenye vumbi, na shati lake jeupe. Akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutetemeka. Hata wakati ule nilimwonea huruma.

Béatha alivuta kitambaa. Kigoda cha sita kilikuwa kidogo. Mtu mzima asingeweza kukikalia.

"Kilichongwa lini?" niliuliza.

Béatha hakutaka kunitazama. "Wiki ile uliyojifungua. Valens alidhani ni cha kuwekea miguu."

Sikumbuki nilifikaje nyumbani. Nakumbuka tu uzito wa Ihirwe mgongoni, kama nimebeba mtu aliyelala.

Usiku na mchana nafikiria zile siku nane. Alikuja kunilisha mimi, au alikuja kumtazama mrithi wake? Uji ule ulikuwa mtamu. Mikono yake ilikuwa na joto. Ningependa kuamini kwamba yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, lakini kila nikifika hapo naogopa.

Ihirwe hajasema neno jingine. Anacheza, analia, ananyonya. Ila jua likizama anaacha kila kitu, anakaa kimya akiutazama mlango. Na kabla hatujahama, kila asubuhi tulikuta maziwa yamewekwa getini, kwenye vyombo safi. Aliyeyaleta hakuwahi kubisha hodi.

Mwezi uliofuata tulihamia Kabuga. Hatukumwambia mtu. Aimable alipofungua mlango wa nyumba mpya, kigoda kile kidogo kilikuwa katikati ya sebule.

Ihirwe alishuka mgongoni mwangu, akaenda akakikalia.