Mwamba wa Mnandi

Ramlah wa Walukuba ni rafiki yangu, na hajui kutia chumvi. Mdogo wake Tamim alikuwa akiwatembeza watalii kwenye kisiwa cha ndege weusi waitwao mnandi, ng'ambo kidogo ya Jinja. Siku ya dhoruba mwenye boti aliwaondoa watalii kwanza, akamwacha Tamim kisiwani. Kesho yake aliporudi, hakumkuta.

Baada ya miezi miwili Ramlah alikwenda kisiwani kutafuta hata mfupa wa kuzika.

"Dada, hapa kuna mnandi na fisi maji tu," mwenye boti, huyo asiye na haya, akamwambia.

"Nyamaza, bwana! Wazungu wako si walifika salama?"

Wingu likafunika ziwa, mchana ukawa giza, mvua ikaanza. Mnandi waliokuwa wakikoroma juu ya mwamba wakanyamaza wote ghafla. Ramlah akasikia meno ya mtu yakigongana kwa baridi. Akawasha tochi ya simu.

Mwamba mzima ulikuwa mweupe kwa kinyesi cha ndege, isipokuwa mahali pamoja, peusi na safi, penye umbo la mtu aliyelala amejikunyata. Akaweka kiganja. Katika mvua ile yote, jiwe lilikuwa kavu, tena lina joto.