Shati la Jasho la Komadre Erlinda

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, Jumamosi, mimi nasaga mahindi, mwanangu Heyling kalala kwenye kitanda cha bembea, mume wangu Evenor yuko uani anachimba shimo la choo. Hapa kwetu Chontales kila ukoo una mchimba dhahabu wake, lakini nani anaitarajia chooni? Akaingia na jiwe jeupe, akaliweka mezani juu ya unga wangu. Lilikuwa na mishipa ya njano, myembamba kama uzi.

"Yorleni," akaninong'oneza, "usimwambie mtu."

Nimwambie nani? Lakini nyumba zetu ni za mbao, na upande wa pili wa ukuta anakaa Erlinda, mjane, ndiye aliyemshika Heyling alipobatizwa, na tangu siku ile mimi na yeye tunaitana komadre, udugu ambao kwetu unaupita wa damu. Alitusikia tukiponda mawe wiki nzima. Hakuuliza.

Dhahabu ya kwanza tulimtengenezea Heyling hereni mbili, ndogo kama punje za mtama. Kila nikimnyonyesha nazigusa. Sikutaka mtu mwingine azitazame, hata baba yake.

Erlinda akaja adhuhuri, ametoka juani, kavaa lile shati lake la besiboli, namba kumi na nne mgongoni, kifungo kimoja chekundu nilichomshonea mwenyewe. Jasho linamtiririka.

"Ee komadre! Masikio ya binti yangu yanawaka kama altare!" Akanyoosha mkono. "Lete nimshike. Nimetoka juani, damu imenichemka, nisije nikamwachia jicho."

Kwetu ndivyo. Ukimtazama mtoto kwa kumtamani, lazima umguse, jicho lipoe. Hilo hakuna wa kufundishwa. Mimi nikageuka nikampa mgongo.

"Ana usingizi."

"Unaogopa nitazilamba ziyeyuke?" Akacheka. Kisha kicheko kikaisha, macho yakabaki palepale, masikioni mwa mtoto. "Haya. Hata ardhi yangu mimi Mungu ndiye aliyeiumba."

Kesho yake akaanza kuchimba jikoni kwake, peke yake. Gu. Gu. Gu. Nilijilaza sakafuni nikatega sikio, na moyo ulivyonichoma! Mwamba umeanzia kwetu, kwa nini umfuate yeye? Udongo wetu mweupe kama unga, ndio wenye dhahabu, wake mwekundu, na kila jioni nilichungulia rundo lake kupitia upenyo wa ubao, nikilikuta bado jekundu nafurahi. Nilimwombea asipate. Naandika haya kwa sababu sina pa kuyapeleka.

Jumatano shimo lake likaporomoka. Yeye yumo.

Wanaume wakaja mbio na majembe, wakasema njia ya karibu ni kupitia shimo letu. Evenor akanitazama. Nikasema kuta zetu zitaanguka, kuna mtoto ndani. Nilisema uongo. Niliogopa wasije wakauona mwamba. Basi wakachimba upande wake hadi kesho yake, kila wakitoa udongo mwingine unashuka, mwisho padri akaombea juu ya shimo na wakalifukia. Hawakumtoa. Yumo humo mpaka leo.

Jioni ile ya maombi Heyling akashikwa na homa. Hanyonyi. Analia kwa sauti kama ya paka. Dawa za zahanati alizitapika zote. Kulipopambazuka jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kuwa dogo kuliko la kushoto.

Mama mkwe wangu, Petrona, akamfunua kope.

"Nani alimtazama asimguse?"

Nikataja jina, polepole.

"Basi lipate shati lake. La jasho, si lililofuliwa. Umfunge mtoto ndani yake. La sivyo, Jumapili haimkuti."

Nikakimbia kwa Xiomara, binti wa Erlinda. Hakuniambia kaa.

"Nguo za mama nimezifua zote," akasema. "La jasho analo mwenyewe, huko chini. Mfuate. Si mna mlango? Au leo pia kuta zitaanguka?"

Nikarudi nyumbani mbio.

Jua la utosi, nikapiga magoti kwenye ukingo wa shimo letu, mtoto kifuani, anawaka moto. Nikamvua hereni. Moja nikaitupa. Sikuisikia ikifika chini. Ya pili nikaibana kiganjani. Ndiyo. Hata saa ile.

"Komadre," nikanong'ona, "mguse."

Nikatega sikio.

Kisha, chini kabisa: gu. Gu. Gu.

Nikakimbia ndani, nikatia komeo, nikamlaza Heyling kwenye bembea, nikageuka kuchota maji mtungini nimpoze. Kugeuka tu. Kilio kikakatika. Nikajua amekufa. Nikashindwa kuangalia. Nikaangalia.

Alikuwa amelala, amefungwa vizuri, kama anavyofungwa mtoto na mtu aliyewahi kulea. Kitambaa kimelowa. Kina joto. Namba kumi na nne. Kifungo chekundu.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, na komeo liko kwa ndani.

Heyling amepona. Macho yote mawili sawasawa, ananyonya, anacheka. Sikio la kushoto tundu lipo. La kulia limeziba, laini, kana kwamba halikutobolewa tangu azaliwe.

Evenor ameacha kuchimba. Shati nimelianika uani. Ni kiangazi, nguo nyingine zinakauka nikimaliza kuzianika, lakini hili ni wiki ya tatu na kila asubuhi nalikuta limelowa jasho, lina joto, kama limevuliwa sasa hivi na mtu aliyetoka kazini. Petrona anasema nitupe ile hereni iliyobaki. Nimeificha kwenye kopo la chumvi, chini ya kitanda. Nimeapa leo naitupa. Jana pia niliapa.

Asubuhi hii nimeligeuza shati kwenye kamba. Siku zote viwiko vyake vilikuwa na tope jekundu, tope la kwake.

Leo ni jeupe.