Kitambulisho Msumarini

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Epifania hakusikia la mkuu, na miguu yake mizima humpeleka kila asubuhi kwenye mizinga yake ya nyuki, nje kidogo ya Kibondo.

Zamani alikuwa karani wa shirika moja katika kambi ya wakimbizi ya Nduta. Shingoni alining'iniza kitambulisho. Baba yake, mzee Makarius, alikipenda kuliko mwenye nacho.

"Kivae," alimwambia hata Jumapili wakienda kanisani.

"Baba, Mungu ananijua."

"Mungu ndiyo. Majirani je?"

Mkataba ulipoisha, Epifania aligeukia mizinga ya baba yake. Alirina kama baba alivyorina: mwenge wa moto mkononi, kila sega likakatwa. Asali ilinuka moshi. Watoto wa nyuki walielea ndani yake. Hazikupita siku nyingi, nyuki wote wakahama.

Baba yake mdogo, Bazilio, alicheka sana. "Hata nyuki wamekukimbia! Nimekuombea nafasi shirikani. Jumatatu unaanza."

"Sijakubali, baba mdogo."

"Nani amekuuliza?"

Epifania alikwenda kwa jirani yao Kezia, afisa nyuki.

"Mwakeye, dada," alimsalimu kwa Kiha. "Nyuki wamenihama."

"Umewachukulia watoto, umewachukulia chakula. Wabaki wakufanyie nini?" Kezia alimwonyesha bomba la moshi. "Mwenge unaua. Hili linawatuliza. Kata masega yaliyofunikwa kwa nta tu, ndiyo yaliyoiva. Yenye watoto usiguse. Na asali nyingine waachie wenyewe."

"Na kazi ya Jumatatu? Niende?"

"Hilo sikujibii. Kwako wewe, mtu aliyefanikiwa ni yupi?"

"Mwenye kitambulisho," Epifania alijibu haraka.

"Hayo ni maneno ya baba yako. Yako yako wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Nataka kazi ambayo ikiharibika najua nimeiharibu mimi, na ikinyooka nimeinyoosha mimi," alisema mwishowe. "Na nataka asali ya kwetu iliwe bila mtu kuichuja kwa meno."

Kezia alicheka. "Hilo unaweza kulipima mwenyewe. Sifa za majirani utazipimaje? Kila siku wanaongeza kipimo."

Jumatatu Epifania hakwenda kambini. Alitundika kitambulisho kwenye msumari, akaingia porini. Alisafisha mizinga mitupu, akaipaka nta ndani ili nyuki wavutwe na harufu. Baba alimnunia. Kundi moja lilikuja, kisha jingine. Msimu wa kurina ulipofika, alishika bomba la moshi, akachagua masega kwa subira, akachuja asali kwenye ndoo safi yenye mfuniko.

Mzee Makarius alionja. Akaonja tena.

"Hii imetoka kwenye mizinga yangu?"

"Mizinga yako, baba. Mikono yangu."

Jirani wa kwanza aliyefika na chupa alirudi kesho yake na dada zake.

Bazilio naye alifika, amekunja uso. "Umeniaibisha mbele ya wakubwa shirikani. Muombe radhi baba yako, kisha uniombe mimi."

Alimtazama kaka yake amuunge mkono. Mzee Makarius alikuwa na kijiko mdomoni. Hakukitoa.

Epifania alipiga goti kidogo, akasalimu kama alivyolelewa.

"Shikamoo, baba mdogo. Karibu asali. Ikiisha nitakuongezea. Radhi siombi."