Aliyeandika Jina la Kalumba

Siku ile vitufe havikuwapo.

Jessy, karani wa kampuni ya barafu na samaki, aliwasha mashine kama kila asubuhi, akafungua ukurasa wa kupokea samaki, na ukurasa ukaja mtupu. Kuja ulikuja, na rangi yake ya majivu na jina la kampuni juu. Lakini visanduku vya kuandikia kilo havimo, kitufe cha kuhifadhi hakimo, orodha ya mitumbwi haimo. Ulikuwa kama uso uliofutwa macho na mdomo. Kwa mazoea ya mkono Jessy akasogeza kipanya, akabonyeza pale kitufe kilipokuwa kikikaa, na mashine ikatoa pumzi. Si ule mlio wake wa kila siku. Pumzi, kama ya mtu aliyeguswa usingizini.

Mji mzima wa Nchelenge, kando ya ziwa Mweru upande wa Zambia, unajua mwaka ule, wa tisini na nane, wala hakuna anayetaka kuusimulia kwa sauti. Bosi, ba Chalwe kama wanavyoheshimiana huko, alikuwa amenunua Ndola diski ya programu mpya za ofisi, akaiweka mwenyewe Jumapili baada ya ibada, huku akipiga mluzi. Sasa magari yamejipanga hadi barabarani, samaki wa Mweru wanavimba juani, na hakuna pa kuwaandika.

Wakamwita Stéphane. Huyu alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, kavuka ziwa na mkewe Marlène vita vilipowaka. Kwa maneno yake mwenyewe alikuwa ametengeneza kila mashine ya Katanga, isipokuwa zile zilizomkimbia. Mdomo alikuwa nao. Asichokuwa nacho ni mtoto. Wawili wa kwanza walibaki makaburini Lubumbashi, na wa tatu alikuwa tumboni mwa Marlène, mwezi wake umetimia. Kila usiku Stéphane alilala na kiganja juu ya tumbo lile, asije huyu naye akaondoka bila kuaga.

"Maneno kidogo hii, ba Chalwe," akasema, akavuta kiti. "Vitufe viko mu faili yao. Programu mupya haiitambue ile faili. Tunairudisha, tunaiandikisha tena, bon, kwisha. Nani alitengeneza hizi kurasa?"

Ba Chalwe akamtazama Jessy. Jessy akatazama sakafu.

"Kalumba," akasema Jessy. "Alikuwa anakaa hapo ulipokaa. Ziwa lilimubeba mwaka jana."

Diski ya Kalumba ilikuwa bado ndani ya mtoto wa meza, nyuma kabisa. Ilikuwa baridi, na katika ukavu wote ule yenyewe ilikuwa na unyevu. Stéphane akaifuta kwa shati, akaiingiza. Mashine ikasaga, ikasaga, ikauliza jina la mwenye faili. Akaandika jina lake: ikakataa. Akaandika la kampuni: ikakataa.

"Inataka ya mutu aliyeitengeneza," akasema, na vidole vikaenda.

Jessy akamdaka mkono. "Tata Stéphane, naomba, mukwai! Ile jina haijapyaniwa."

Kwenye pwani ile jina la marehemu haliokotwi ovyo. Ndugu hukaa, pombe hupikwa, mmoja huchaguliwa na kupewa jina, na kuanzia hapo yeye ndiye marehemu: watoto wa marehemu humwita baba, na mke wa marehemu humtengea chakula. Huko ndiko kupyana. Lakini ndugu za Kalumba pombe hawakuipika. Mmoja alikimbilia Chienge, mwingine akavukia Kongo, na hakuna aliyeaga.

"Juu ya nini walikimbia?" akauliza Stéphane.

"Hawakutaka muke wake."

"Anazeeka?"

"Hakuna aliyemuona, tata."

Stéphane akacheka hadi kiti kikalia. "Mi ni mutu wa Lubumbashi, mama. Mambo ya kupyana hainijue. Hii ni jina ya mashine tu!" Akaandika K, A, L, U, M, B, A, akabonyeza kitufe cha kukubali kwa kidole kimoja.

Vitufe vikarudi. Havikurudi kwa pamoja. Vilipanda kimoja kimoja kutoka chini ya kioo, polepole, kama vitu vinavyoibuka majini, na kila kimoja kilipofika mahali pake kilitulia. Ba Chalwe akapiga makofi, akamwita bingwa. Jessy peke yake hakupiga.

Jioni Stéphane akishika njia ya nyumbani, mwanamke mwenye beseni la samaki akampisha, akamsalimu. "Mwapoleni, ba Kalumba." Akadhani amekosea mtu. Mbele kidogo, mshona nyavu, bila kuinua kichwa, akamuuliza kama amerudi: "Ba Kalumba, mwabwela?" Hapo akaongeza hatua. Nyumbani akamkuta Marlène ameketi kizingitini, mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Mwanamuke mumoja alikuya," akasema Marlène kwa sauti ndogo. "Muzuri sana. Nguo inamwaga maji. Aliniambia, nilikuya kwa bwana yangu. Nikamwambia, mama, hapa njo kwa Stéphane. Akacheka. Akasema, jina alichukua yeye mwenyewe, kwa mukono yake."

"Wazimu wa njiani."

"Alishika tumbo langu, Stéphane. Mukono wake haukuwa na joto. Akasema, na huyu pia."

Stéphane akafunga mlango kwa komeo.

Kesho yake mchana mweupe, jua limekaa utosini na kuku wamelala vumbini, alikuwa amebaki nyumbani kumlinda mkewe aliyesinzia, ndipo harufu ilipoingia kwanza, ya matope ya chini kabisa ambayo hayajawahi kuona mwanga, kisha sauti ya kitambaa kilicholowa kikiburutwa mlangoni, kisha akamwona, mwanamke mwenye nywele ndefu zinazotiririka bila kukauka, ameketi jikoni kwenye kigoda cha Marlène kama mtu aliyeishi humo miaka yote, anakoroga sufuria ambayo chini yake hapakuwa na moto lakini ilikuwa inatokota, na ndani ya maji yale meusi vilikuwa vinazunguka vijikono vidogo vidogo vya watoto, vinashika ukingo, vinateleza, vinashika tena, na mwanamke akainua mwiko, akaonja, akamtazama, akasema kwa upole wa mke aliyengoja sana, "Kalumba, chakula iko tayari."

Stéphane alimwita jirani akae na Marlène, akapiga mbio hadi Kashikishi, mji wa jirani, kiatu mguu mmoja tu.

Mganga wa huko, ba Ennie, alikuwa mama mnene asiyeacha kutafuna karanga. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Ile jina ulichukua kwa mukono yako?"

"Kwa kidole tu, mama."

"Kwa kidole!" Ba Ennie akacheka mpaka maganda yakamtoka mapajani. "Bengine wanachukua kwa pombe na kilio. Weye kwa kidole!" Kisha kicheko kikakatika. "Sikia, mutoto wangu. Kalumba alioa kule chini. Mamba-muntu, jini ya maji. Alimupa akili ya mashine, yeye akamulipa watoto. Ulishaona mutoto wa Kalumba hata mumoja hapa Nchelenge? Njo vile. Watoto walikwisha, akamukula na bwana. Sasa alikuwa anakaa mujane, anangojea mwenye kumupyana. Ukajipeleka, na muke wako akiwa na mimba."

"Mutoe, mama! Kitu yote nitakupa."

"Twende pale ulipoandika."

Wakaingia ofisini mchana, magari yakiunguruma nje. Ba Ennie akapaka kioo cha mashine dawa nyeusi, akafunga mkono wa Stéphane kwa kamba ya gome, akaanza kupiga meza kwa fimbo ya tete. "Futa!" Stéphane akafuta herufi ya kwanza. Yule mwanamke wa maji akalia chini ya sakafu. Akafuta ya pili, na kitufe kimoja kikazama kwenye majivu. Kila herufi ikiondoka kitufe kinazama na kilio kinapanda, maji ya matope yakaanza kutoka pale panapoingia diski, yakamwagikia magoti ya Stéphane.

"Ba Ennie!" akapiga kelele ba Chalwe kutoka juu ya kabati alikopandia. "Jini utoe, lakini vitufe uviache! Samaki wanaoza!"

Herufi ya mwisho ikafutika. Ukurasa ukabaki mtupu. Kimya. Nje mwanamke mwenye beseni akachungulia, akasema, "Mwapoleni, ba Stéphane," na Stéphane akaangua kilio kama mtoto.

"Imetoka kwako," akasema ba Ennie, anajifuta jasho.

"Na imeenda wapi?"

Ba Ennie akamenya karanga. "Mi natoa tu. Pa kwenda inajitafutia."

Alipofika nyumbani, Marlène alikuwa ameshajifungua. Mtoto mwanamume, mzima, vidole vyote, nywele tele. Stéphane akampokea, akacheka, akalia, akamhesabu vidole upya. Lakini mtoto alikuwa amefumba mdomo. Titi likipelekwa, anageuza uso.

Mkunga, bibi mmoja wa jirani aitwaye Luse, hakushtuka. "Anangojea jina," akasema. Huko mtoto akikataa titi huitiwa majina ya waliokufa, moja moja, na lile litakalomfanya anyonye ndilo lake, na mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Luse akaita wafu wa Stéphane. Mtoto kimya. Akaita wa Marlène: Roger, baba yake; Germaine, nyanya yake; hata wale wawili wa Lubumbashi. Mdomo umefungwa.

Jua likazama, likatoka tena. Mashavu ya mtoto yakaingia ndani, kilio chake kikawa kama cha paka wa mbali, kisha kikawa si kilio. Stéphane alikaa pembeni, akikwepa macho ya mkewe.

"Unaijua," akasema Marlène. Maziwa yalikuwa yanamchuruzika bure hadi kiunoni. "Minaona mu macho yako. Ile jina unaijua."

"Ile hapana, Marlène. Bora yoyote, ile hapana."

"Mutoto anakufwa!"

"Nikiitaja, atakuya kumukamata."

"Na usipotaja, atalala leo mu udongo, kama wenzake! Taja, Stéphane. Weye ni baba wa namna gani?"

Pumzi ya mtoto ikasimama, ikarudi kidogo, ikasimama. Stéphane akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye lile sikio dogo, na midomo yake ikakataa, ikakataa, ikakubali.

"Kalumba."

Mtoto akafumbua macho. Akamtazama baba yake kwa utulivu, kama mtu mzima aliyefika safari, akageuka, akalishika titi, akanyonya kwa nguvu hata Marlène akaguna kwa maumivu na furaha pamoja. Bibi Luse akarusha mikono, akapiga vigelegele.

Na kutoka ziwani, mchana kweupe, mwanamke mwingine akaviitikia, kwa furaha, kama wanavyoitikia upande wa bibi arusi.