Chumvi Aliyoipita Tayebali

"Bismillahi," alisema Dawoodbhai, akaonja chumvi kwa ncha ya kidole, kisha akamsogezea Tayebali kibakuli.

Tayebali alikitazama. Akakisogeza kwa mtu wa pili bila kuigusa chumvi.

"Niwie radhi, baba. Leo sitaonja."

Nyuma ya pazia, Sabira, binti wa Dawoodbhai, aliona yote. Kwao Mabohra, Waislamu wenye asili ya Kihindi, mlo hauanzi mpaka kila aliyeizunguka siniya ameonja chumvi, na huyu mchumba wake alikuwa ameipita mbele ya wajomba, wiki sita kabla ya nikahi. Wanaume wakala hivyo hivyo. Nyumba nzima hapo Kuze, Mombasa, ilisikia vidole vikikwangua siniya.

Wageni walipoondoka, mamake, Hajrabai, alimgeukia Sabira. Alisema kijana anayeikataa chumvi ya nyumba ameshaikataa nyumba yenyewe, na hilo halihitaji mkalimani. Dawoodbhai hakubishana na mkewe. Alisema tu kwamba atangoja mpaka Ijumaa. Kama Tayebali hana la kueleza, pete yake itarudi kwao.

Sabira hakulielewa hata kidogo. Tayebali huyu huyu alikuwa akicheza hoki kila Jumapili, akibeba majora ya kanga mawili mawili dukani, akipanda ngazi zao kama anayefukuzwa. Ugonjwa haukumpitia akilini. Lililompitia ni mwanamke mwingine, na akalia mpaka akajichukia.

Kila mchana alikuwa akimpelekea chakula dukani, ndani ya kopo la ghorofa tatu. Kesho yake alitia kikaratasi juu ya dengu: "Nimekukosea nini? Sabira."

Kopo lilirudi tupu, limesafishwa vizuri, na jibu ndani: "Hujanikosea kitu. Usiniulize zaidi."

Sasa mtu asiyekutaka hula chakula chako chote kwa nini? Sabira akamuuliza Kitsao, hamali wa duka aliyeleta kopo. Kitsao alijikuna shingo, akatazama chini, akaugusa mkanda wake uliosogea matundu mawili tangu mwezi uliopita.

"Nisamehe, dada. Mlaji ni mimi. Yeye yuwala ndizi za kuchemsha na wali mkavu. Haweki hata achari."

Hapo Sabira alichanganyikiwa kabisa. Alimwambia mamake anataka kitambaa cha bitana, na Hajrabai, ambaye hakuwa mjinga, akamsindikiza mpaka dukani, akajitia kuchagua kanga upande wa pili.

"N'ambie kweli," Sabira alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mwengine?"

"Hakuna mwengine." Tayebali alikuwa akikunja kitambaa ambacho kilishakunjwa. "Niliomba kazi ya ukarani bandarini Kilindini. Wakanipeleka kwa daktari. Akanifunga mkanda mkononi, akaupuliza mara tatu, halafu akaniuliza baba alikufaje."

Sabira alijua. Wote walijua. Babake Tayebali alianguka nyuma ya meza ile ile ya duka, umri wake miaka thelathini na tisa, na mpaka leo watu husema ni kijicho cha wafanyabiashara.

"Akasema ni presha, na mimi nimeirithi. Nikamwambia siumwi popote. Akasema baba naye pengine hakuumwa popote. Dawa ya kuiondoa hana. Kasema niache chumvi, niache sigara, nilale mapema, nipimwe kila mwezi." Akakikunjua kile kitambaa tena. "Nawezaje kuwa mgonjwa, Sabira, na jana nilitia mabao mawili? Mwenyewe sijielewi. Nikawa naogopa hata chembe moja. Na nikaogopa kukuacha mjane kama mamangu."

Sabira alihisi raha na hasira kwa pamoja, hakujua aanze na ipi. Akaanza na hasira.

"Kwa hivyo ukaona heri nidhani hunitaki."

"Ndiyo. Nilikosea."

"Umekosea sana. Babako hakujua. Wewe wajua. Hiyo ndiyo tofauti yenu, na wewe waificha." Akachukua bitana yake. "Rudi kwa daktari, muulize chembe moja. Ijumaa njoo useme mwenyewe."

Upande wa pili, Hajrabai alikuwa ameshika kanga ile ile muda wote.

Ijumaa Tayebali alisema yote mbele ya siniya, hata la babake. Daktari, alisema, amecheka: chembe moja ya baraka haina neno, kinachoua ni chumvi ya sufuria nzima kila siku.

Dawoodbhai akasogeza kibakuli. Tayebali akachukua chembe moja, akaiweka ulimini, na Sabira nyuma ya pazia akapumua.

Kisha wakala. Mjomba wa kwanza alikunja uso, wa pili akatafuta maji. Dawoodbhai alitafuna taratibu.

"Nani kapika leo?"

"Ni mimi, baba," Sabira alijibu. "Sikutia chumvi."

Mkono wa Dawoodbhai ulikuwa umeshakwenda kwenye kibakuli kukoleza mchuzi wake. Ukasimama hapo. Akamtazama kijana aliyekaa kando yake, mzima, kifua kipana, umri aliokufa nao babake bado hajaufikia. Akakifunika kibakuli, akaendelea kula vivyo hivyo.

"Hajrabai," aliita baada ya tonge la tatu, "ile siku ya nikahi iko pale pale. Na biriani atapika Sabira."