Mita Tatu Zilizopotea Ghalani

Dada yangu Adelina kazi yake ni kupima majengo. Mtu akinunua nyumba kuukuu, yeye huenda na tepu na karatasi, akarudi na ramani. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akiogopa jengo. Haya alinieleza jikoni kwake Madale, akimenya viazi, mgongo ameuegemeza ukutani asiupe mlango kisogo.

Ilikuwa Jumanne, mwaka juzi. Mfanyabiashara mmoja wa Buguruni, Abdulsamad, alikuwa amenunua ghala la zamani la silaha kule Kunduchi, upande wa machimbo ya mawe. Watu walisema ni la enzi za Mjerumani. Alitaka kuligeuza stoo ya vigae. Adelina alifika saa nne asubuhi na mwenzake wa kazi, Venance, jua kali, watoto wa jirani wanacheza rede barabarani.

Jengo lilimpendeza. Kuta za mawe ya matumbawe, unene mita moja kamili. Dirisha hata moja hakuna, ila matundu ya hewa yaliyopindishwa katikati ya ukuta, cheche ya nje isije ikafikia baruti. Mlango ulikuwa mmoja tu, wa mvule, umepigiliwa misumari ya shaba kwa sababu hiyohiyo ya cheche. Mlinzi, Mzee Suleiman, aliwafungulia akabaki nje. Akawaeleza kwamba zamani askari walivua viatu na kuja wawili wawili. Mmoja akiingia, wa pili alibaki mlangoni akimwita mwenzake kwa jina, kila baada ya muda mfupi.

Adelina akamuuliza alikuwa akimwita kwa nini.

"Ili ajue anayetoka ndiye aliyeingia," mzee alijibu.

Venance alicheka. Dada hakucheka. Hakupenda jinsi mzee alivyosema huku akitazama pembeni.

Wakapima. Urefu wa nje, mita ishirini na mbili. Ukitoa kuta mbili za mwisho, ndani zilipaswa kubaki ishirini. Zilikuwa kumi na saba. Wakapima tena, wakabadilishana ncha za tepu. Kumi na saba. Nyuma ya ukuta wa mwisho kulikuwa na mita tatu zisizo na mlango.

Venance akanong'ona kwamba mzee anaficha mali ya wizi. Adelina naye alishaanza kumtilia shaka. Tangu wafike, mzee alikuwa ameweka kigoda chake nje ya ukuta huohuo wa mwisho, juani, na kivuli kipo upande wa pili. Alipoulizwa, alisema pale kuna upepo. Hapakuwa na upepo.

Wakakubaliana hivi: Venance aingie ndani agonge ule ukuta, Adelina asikilize kwa nje kwenye tundu la hewa lililo karibu na kigoda cha mzee, wajue kama nyuma yake kuna uwazi.

Ngo, ngo, ngo. Alisikia vizuri, kwa mbali.

Kisha, karibu zaidi, taratibu. Ngo. Ngo. Ngo.

Akaweka mdomo kwenye tundu. "Venance, umegonga mara ngapi?"

"Mara tatu, sista."

Sauti yake kabisa. Akamwambia agonge tena. Kimya. Hewa iliyotoka tunduni ilikuwa ya vuguvugu, kama pumzi ya mtu.

Mkono ukamgusa begani.

Alikuwa Venance. Amesimama nyuma yake, jasho linamtiririka. "Sista, umeniita nitoke, kuna nini?"

Hakuwa amemwita.

Na tunduni, sauti ileile, ya upole: "Sista, mbona umenyamaza?"

Mzee Suleiman hakugeuka. "Usiitike," alisema.

Dada anasema hapo ndipo alipoogopa kweli. Si kwa sababu ya sauti. Ni kwa sababu alimtazama yule aliyesimama mbele yake, akagundua hana namna ya kujua ni yupi aliyekuja naye asubuhi. Akamuuliza, kwa kunong'ona, mkewe anaitwa nani.

Venance alichelewa kidogo kujibu. Kidogo tu.

"Rosalia."

Tundu nalo likasema, "Rosalia." Kwa pamoja.

Waliacha vifaa vyote. Alimpakia kwenye gari yule wa nje, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nje. Venance bado yupo, anafanya kazi. Rosalia anasema tu kwamba mumewe siku hizi amekuwa mpole sana, hagombi kabisa. Dada anaposikia hivyo hubadilisha mazungumzo.

Mzee Suleiman aliacha lindo wiki ileile, akakabidhi funguo bila maelezo. Mwezi uliofuata Abdulsamad aliuvunja ukuta ule, mchana, na mafundi wanne. Adelina alikwenda, maana ramani ilikuwa yake. Walikuta chumba, mita tatu ukijumlisha unene wa ukuta wenyewe. Hakikuwa na mlango wala kitu chochote, na vumbi la sakafuni halikuwa na alama hata ya panya.

Ila kwenye kipande cha ukuta kilichobaki kimesimama, upande wa ndani ya chumba hicho, chokaa ilikuwa mbichi. Fundi aliigusa, kidole kikatoka cheupe. Na katikati ya ubichi ule, usawa wa kichwa cha mtu mzima aliyesimama, palikuwa na alama moja iliyokandamizwa vizuri: sikio.