Kibuyu Kilichobaki Kizima

Asubuhi ya siku ya kuliacha kaburi, sherehe ya kumuaga marehemu kwa mara ya mwisho, A Byưk alikoroga uji wa mchele kama alivyofanya kila siku kwa miaka mitatu, akaumimina kwenye mrija wa mwanzi ulioshuka kaburini hadi kwa mkewe, Y Blưi. Ilikuwa mara ya mwisho. Adhuhuri patu zililia, mitungi ya pombe ikafunguliwa, vyombo vya marehemu vikavunjwa ili avuke navyo kwenda kwa wafu.

"Shemeji, vya dada umevivunja vyote?" aliuliza Y Dơng, dada wa marehemu. "Kizima hakimfikii."

"Vyote."

"Mbona wewe ndiye unaonekana umepasuka kuliko vyungu?"

Watu wakacheka. A Byưk naye akacheka. Kibuyu cha maji alikuwa amekificha darini, juu ya moshi wa jiko. Mdomo wa kibuyu ulikuwa umelainishwa na midomo ya Y Blưi.

Mrija uking'olewa, harudi mtu makaburini.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, binti yao wa miaka sita, Y Mlen, alirudi kutoka chemchemini. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Baba, nina kiu."

"Si ndiyo kwanza unatoka majini?"

"Mama anayanywa yote."

A Byưk akaweka kisu chini. "Anayanywaje?"

"Hana kibuyu. Ananishika mikono, hivi." Akakutanisha viganja.

Siku ya tano mtoto hakuinuka. A Byưk alimnywesha bakuli baada ya bakuli. Ulimi ukabaki mkavu kama gome.

Y Dơng akamwinamia A Byưk, akanong'ona, "Umebakiza nini?"

A Byưk akainuka. Alipanda darini, akakichukua kibuyu, akarudi mahali pasiporudiwa. Mchana mweupe. Hakuna ndege. Akakipiga kwenye uzio wa kaburi. Kikapasuka mara moja. Vipande vilikuwa vimelowa.

Nyumbani, Y Mlen alikuwa ameketi, anakunywa.

"Mama yuko wapi?"

"Amekwenda. Amesema umechelewa."

Y Mlen sasa ni mama wa watoto wawili. Chemchemini hunyweshwa na mumewe. Akikinga viganja chini ya mwanzi wa chemchemi, maji huingia, halafu hayapo. Hakuna tone linalofika chini. Viganja hubaki vikavu.